Nilivyokwama Kigali nikisubiri meli, na mama akanikataza kurudi nyumbani

Wakuu, poleni na mihangaiko. Wanaostahili shikamoo nimewapa, rika langu mambo vipi.

Mimi humu ni msomaji tu. Nyuzi zenu nazisoma nimejilaza, nacheka, napita kimya kimya. Leo nimeona aibu, nami nichangie ya kwangu.

Haya yamenikuta mimi mwenyewe, siyo rafiki yangu wala jirani wa rafiki yangu. Najua kuna watakaoandika "chai", yaani nimetunga. Sawa, ila iacheni ipoe kwanza muionje ndiyo mseme.

Kazi yangu ni mhudumu wa vyumba kwenye meli za kitalii, zile hoteli zinazoelea. Natandika vitanda, nasugua vyoo, na jioni nakunja taulo ziwe tembo, kobe au nyani, mgeni akirudi chumbani acheke kidogo. Msinicheke na nyinyi. Nyani ni mgumu sana kumkunja.

Mikataba yangu miwili ya mwanzo nilikuwa msaidizi. Yaani mtu wa kubeba mashuka ya mwenzie.

Safari hii niliahidiwa vyumba vyangu mwenyewe na msaidizi wangu mwenyewe. Sharti lilikuwa moja tu: nipande meli kabla haijavuka bahari kwenda Brazil. Ikivuka bila mimi, vyumba anapewa mtu mwingine aliyemo ndani, na mimi narudi nyuma kabisa kwenye foleni ya wakala anayetutafutia kazi za meli. Foleni ile naijua. Kuna watu wameota mvi pale.

Kwa hiyo shikeni hilo moja: ilikuwa lazima nipande.

Sasa kuondoka nyumbani.

Kwetu ni Mbagala. Mama yangu alinifanyia dua ya kuniaga ambayo kama ungepita njia ungedhani kuna harusi. Ubani, pilau, mashangazi wa pande zote mbili, na maustadhi kutoka msikiti wa mtaa wa pili kwa sababu wa mtaa wetu hawakumtosha.

Na mama yangu ana sheria yake ya msafiri. Mtu akishasomewa dua, akavuka kizingiti kwa mguu wa kulia, harudi mpaka afike alikoagwa. Umesahau mswaki, umesahau. Ukirudi kuuchukua, umeirudisha safari yote nyumbani.

Msimbishie. Mjomba wangu aliwahi kurudi ndani kuchukua chaja ya simu, na mambo yake ya Comoro yakaharibika mwaka uleule. Mpaka leo kwenye vikao vya familia hatusemi mjomba aliharibikiwa Comoro. Tunasema "ile chaja".

Tiketi yangu ilikuwa Dar kwenda Kigali, halafu Kigali kwenda Dubai, meli iko pale inanisubiri. Nikavuka kizingiti, mguu wa kulia, bila kugeuka nyuma.

Kigali nikashuka kubadili ndege. Dada wa kaunta, mpole sana, akaangalia karatasi zangu, akaangalia kompyuta, akaniangalia mimi. Akaniambia visa yangu ya Dubai imefutwa.

Kuwasha simu nakuta ujumbe wa dada wa ofisini kwa wakala. Nikiwa angani, meli ilikuwa imebadilishiwa njia. Haitii nanga Dubai tena, na kwa kuwa hakuna meli Dubai, hakuna sababu ya mimi kwenda Dubai. Mwishoni akamalizia na maneno yake mawili matatu ya siku zote: "Kindly stand by."

Nisimame hapo kidogo kwa wasio mabaharia.

Stand by siyo "subiri" ya kawaida. Baharia akiambiwa stand by, hafungui begi. Simu haizimwi, begi limefungwa, viatu viko mguuni. Tiketi ikija unaondoka papo hapo, kwa sababu meli haina tabia ya kungoja mtu wa taulo. Wapo waliokwenda kunyoa tu nywele wakapoteza kazi. Mimi hilo nilifundishwa siku ya kwanza na nalishika kama dini.

Nikampigia mama. Nikamweleza hali. Nikamwambia, mama, hapa na Dar ni pua na mdomo, nafikiri nirudi tu nisubirie nyumbani.

Mama akaniuliza:

"Urudi nyumba ipi, baba?"

"Nyumbani, mama. Mbagala."

"Hii tuliyokuagia?"

Akanikumbusha kwa upole kwamba watu wameshakula pilau, dua imeshapanda, na yeye ameshawaambia majirani kwamba mwanawe yuko baharini. Akasema Kigali nako ni njiani, nikae hukohuko njiani.

Ndivyo nilivyofungiwa mlango na pilau yangu mwenyewe, wakuu. Nikatoka nje ya uwanja nikiwa mhamiaji, nikiwa na begi moja kubwa la zambarau na visheti vya mama vimemwagwa kwenye mkoba wa laptop, maana mifuko ya plastiki Rwanda hawataki hata kuiona.

Siku za mwanzo kampuni ilinilaza hotelini. Baadaye dada wa ofisini akaniandikia nitafute "kindly" sehemu ya kawaida zaidi. Mlinzi wa hoteli, Mrundi mmoja mstaarabu, akanielekeza kwa mama anayemfahamu, Kimisagara, mwenye chumba cha uani kilicho wazi.

Kimisagara iko bondeni. Nyumba zimebanana, mafundi kila kona, ngazi za zege zinapanda na kushuka. Begi langu lilikuwa na magurudumu manne. Ngazi zile zilichukua moja siku ileile nilipofika.

Mama mwenyewe anaitwa Mama Aline. Ni Mnyarwanda aliyekulia Bujumbura, Mkatoliki wa kwenda misa asubuhi, fundi cherehani anayeshona sare za shule chumba cha mbele. Binti yake Aline ameolewa Huye, chumba chake ndicho nilichopewa.

Mama Aline aliniuliza kazi yangu. Nikamwambia mimi ni baharia, nasubiri meli.

Akaacha kushona.

"Unangojea meli," akasema. "Hapa kwangu."

"Ndiyo mama."

"Wihangane," akaniambia. Hilo ndilo neno lao la kumpa mtu pole, na nililisikia Kigali kuliko jina langu.

Wiki ya kwanza nilijitahidi kuwa mpangaji wa maana. Nikatandika kitanda kwa kukunja pembe za shuka kama melini. Jioni moja nikachukua taulo lake sebuleni nikalikunja tembo, nikamweka juu ya kochi. Mama Aline aliporudi misa alimtazama yule tembo muda mrefu. Hakulitumia tena lile taulo. Akawa anajifutia uso kanga, na kila mteja anayekuja kupima sare anaonyeshwa tembo kwanza.

Ila kilichotuunganisha hasa ni kifungo.

Kwenye simu nina ile programu inayoonyesha meli ilipo, kidoti kinatembea kwenye ramani. Mama Aline akakiona. Akaniambia simu ni ndogo, macho yake hayataki. Akachukua chaki ya ushonaji, akaniambia nimchoree bahari kwenye meza yake ya kukatia vitambaa.

Nikachora. Uarabuni juu, Somalia na pembe yake, kisha pwani yetu inashuka mpaka Durban. Visiwa nikaviwekea vidoti. Kigali nikaiweka ukingoni, karibu na mkasi. Yeye akatoa kifungo cheupe cha shati la shule, akakiweka pale meli ilipokuwa, karibu na Muscat.

Kuanzia hapo kila asubuhi ilikuwa hivyo. Mimi natoka chumbani na begi langu, yeye ameshakaa kwenye cherehani, ananiuliza, "Weye, meli yako imelala wapi?" Namwonyesha simu, anasogeza kifungo. Wateja wakawa wanapita kuangalia. Mama muuza ndizi wa jirani alikuwa haanzi kazi mpaka aambiwe kifungo kimesogea.

Mtaniuliza begi nilikuwa natoka nalo wapi. Nimesema, nilikuwa stand by. Nilikuwa natoka nalo kila mahali.

Hapo ndipo mnicheke.

Jumamosi ya mwisho wa mwezi Rwanda nzima inafanya umuganda, kazi ya pamoja ya mtaa. Asubuhi hakuna duka, hakuna gari, kila nyumba inatoa watu. Mama Aline aliniambia mgeni naye anakwenda. Kazi ya siku hiyo ilikuwa kuzibua mtaro mkubwa unaopita bondeni.

Nikafikiria. Tiketi ikija nikiwa mtaroni, mpaka nipande zile ngazi kuchukua begi, meli imeondoka. Nikaenda na begi.

Wakuu, mtaa mzima una majembe na mabeleshi, mimi nina begi la zambarau. Hakuna aliyeuliza. Walinitazama tu kwa huruma, wakaliweka begi kwenye nyasi na baadaye wakaanza kutundika makoti yao juu yake.

Kazi ikiisha kuna mkutano, na wageni wanaambiwa wasimame wajieleze. Kiongozi wa mtaa, ambao wao wanauita mudugudu, ni mzee mmoja aliyekulia Karagwe. Kiswahili chake ni cha kitabuni. Akanisimamisha.

"Ndugu mgeni, tueleze shughuli iliyokuleta."

"Nasubiri meli, mzee."

Akatafsiri. Kisha watu wakacheka, siyo kwa ubaya, wakacheka kama mtu anavyomcheka mtoto aliyevaa viatu kinyume.

Mzee mmoja wa nyuma akanyoosha mkono, akazungumza kwa uzito sana. Kiongozi akanitafsiria: mzee anasema umepotea njia, meli ziko Rubavu, Ziwa Kivu, na gari za Rubavu zinaanzia stendi ya Nyabugogo hapo chini. Mwingine akasema shemeji yake yuko Rubavu, anaweza kunipokea. Mpaka mkutano unafungwa nilikuwa na wenyeji watatu Rubavu na hakuna hata mmoja aliyeamini kwamba siendi.

Kiongozi akafunga kwa kusema kwamba kwa kuwa mgeni ni mtu wa maji, umuganda ujao atasimamia mtaro. Kuanzia siku hiyo jina langu likawa Kapiteni. Niliyekuwa nabeba mashuka ya wenzangu baharini, nikapanda cheo katika nchi isiyo na bahari.

Nilimsimulia mama kwa simu. Alipiga kelele ya furaha kwenye neno Kapiteni. Nina wasiwasi Mbagala hawakuelezwa ni kapiteni wa nini.

Kwa upande wa meli mambo yalikuwa mabaya. Visa ya Oman iliombwa, na ilipotoka, kifungo kilikuwa kimeshaondoka Muscat. Sasa kinashuka kuelekea Shelisheli. Dada wa ofisini akaniandikia kwamba Shelisheli ndiyo nafasi ya mwisho ya uhakika kwangu. Baada ya hapo ni Durban, na Durban wameshaweka mtu wa akiba wa kupanda achukue vyumba vyangu.

Mtu wa akiba. Niliisoma ile sentensi mara mbili. Ndugu zangu, niliogopa. Niliona kabisa narudi Mbagala kama ile chaja.

Mama Aline aliona uso wangu. Jumapili akaniambia twende kanisani. Nikamwambia mimi ni Mwislamu. Akaniambia anajua, meli ndiyo tunayoipeleka, siyo mimi. Nikaenda, nikakaa benchi la nyuma na begi langu. Kwenye maombi ya waumini nikasikia padri anasema maneno marefu ya Kinyarwanda, katikati yake kuna "Kapiteni", na kanisa zima likaitikia.

Nikampigia mama kumweleza kwamba Wakatoliki wa Kimisagara wanaiombea meli. Nilidhani atakasirika. Akasema, "Waombe tu, baba. Labda za kwetu zimeishia uwanja wa ndege."

Tiketi ya Shelisheli ikaja. Mama Aline na majirani wakaniaga. Mishikaki, fanta, na wimbo ambao maneno yake siyajui lakini Kapiteni alikuwemo. Mama muuza ndizi alilia. Kiongozi wa mtaa akanikabidhi rasmi kwa dereva wa teksi kana kwamba naweza kutoroka.

Uwanja wa ndege. Kaunta ileile, dada yuleyule mpole.

Mnajua tayari.

Bahari ilikuwa imechafuka, nahodha akaamua asiingie bandarini Shelisheli. Ujumbe ukaja nikiwa kwenye foleni. Kindly stand by.

Nilikaa kwenye benchi nje ya uwanja kama mtu aliyepigwa na kitu kizito. Nyumbani siwezi kwenda, nimeagwa. Na Kimisagara nako sasa nimeagwa. Nilihesabu nimebakiza Rubavu.

Mwishowe nikapanda teksi, nikashuka zile ngazi kwa aibu, magurudumu yaliyobaki yanapiga kelele kila ngazi. Nilikuwa nimeandaa maneno ya kuomba radhi. Mama Aline alikuwa kwenye cherehani.

"Njo weye?" akasema, yaani kumbe ni wewe. "Ingia. Chakula iko."

Basi. Hakuna kingine. Akaendelea na mshono wake.

Nilikula maharage na ndizi, kisha nikashindwa kuvumilia. Nikamuuliza kama yeye haogopi nuksi ya mtu aliyeagwa kisha akarudi. Nikamweleza sheria ya mama yangu, mguu wa kulia, chaja, yote.

Alisikiliza mpaka mwisho. Akavuta uzi kwenye sindano.

"Mutu akirudi, amerudi," akasema. "Sasa alale inje? Mimi nilizaliwa Buja, baba yangu alikimbia kutoka huku kijana. Nilikuya hapa mutu muzima, kwetu sikuwa nakujua. Kila nyumba unaona hapa, Kapiteni, iko mutu alirudi."

Nikainamia sahani. Nilikuwa nimewaona wale watu wote mtaroni na sikuwa nimewafikiria hivyo hata mara moja.

Siku zilizofuata sikuangalia tena simu. Nilikata tamaa kabisa. Begi nikaanza kuliacha chumbani, na kwa baharia hiyo ni sawa na kuvua pete. Mama Aline ndiye aliyeendelea kuchukua simu yangu na kusogeza kifungo.

Asubuhi moja akaniita. Alikuwa ameinama juu ya meza, miwani puani, na mama muuza ndizi pembeni yake.

"Kapiteni, huyu mama yako iko wapi kwa hii meza?"

Nikamwonyesha Dar es Salaam, karibu na alama ya pasi.

"Sasa mbona kifungo inakwenda kwa mama yako?"

Nikaangalia. Meli ilitakiwa ishuke moja kwa moja Durban. Kifungo kilikuwa kimekunja kona. Bahari kule kusini ilikuwa bado mbaya, wakawatafutia abiria sehemu ya kutembea wakati wanasubiri itulie, na kabla sijamaliza kuangalia simu ikalia. Dada wa ofisini. Bandari ya kupandia: Dar es Salaam. Ndege ni leo jioni. Kindly confirm.

Wakuu, nilicheka mpaka Mama Aline akaniletea maji. Nimeagwa Dar nikaifuate meli, nimekaa Kigali mwezi na zaidi nikizibua mtaro, na meli inanifuata Dar.

Safari hii hakukuwa na wimbo. Mama Aline alinifungia chapati, akafunga begi langu kwa mkanda wa kitambaa cha sare kwa sababu zipu nayo ilikuwa imekufa. Akaniambia tu nikirudi nimerudi.

Airport ya Dar nikapokewa na dereva ameshika bango la "KIGALI CREW". Kwenye makaratasi yake anampokea mgeni kutoka Rwanda. Nilikuwa nimechoka, sikumrekebisha. Njia nzima akanitembeza jijini kwangu mwenyewe. Hii ndiyo Tazara, kaka. Hapa Kariakoo simu shika kwa mikono miwili. Nikamwambia ahsante, iko sawa. Akanisifu kwamba kwa Mnyarwanda Kiswahili najitahidi.

Kampuni ilinilaza hoteli ya katikati ya mji, nipande meli kesho yake mchana. Nikampigia mama.

"Mama, niko Dar."

"Sijasikia."

"Niko Posta, mama. Hotelini."

"Mtandao mbaya, baba," akasema, akakata.

Nililala vibaya. Kutoka dirishani kwangu naziona basi za Mbagala zinapita.

Asubuhi simu ikaita. Ni mama. Akaniambia yuko hapo chini mapokezi, ameleta chakula kwa mgeni mmoja kutoka Kigali, na huyo mgeni asishuke, mfanyakazi wa hoteli atampandishia.

Nikatoka mbio mpaka kwenye ngazi. Nikasimama pale juu, simu sikioni.

Mama alikuwa amesimama mbele ya kaunta, amenipa mgongo. Kanga yake ya kijani, kapu la chakula mkononi. Amezeeka kidogo kuliko nilivyomwacha, au labda sikuwahi kumwangalia kwa nyuma.

"Kigali kukoje?" akaniuliza kwenye simu.

"Kuzuri, mama."

"Ulikuwa unakula?"

"Nilikuwa nakula. Kuna mama alinipokea, nikarudi akanipokea tena."

Nilijua amelisikia vizuri neno "tena", na simu yake haikuwa na tatizo lolote la mtandao.

"Mwambie ahsante," akasema. "Mwambie mimi ningeweza kukufungulia. Ila ningekufungulia ukakosa vyumba vyako, ningejisamehe vipi?"

Machozi yakaanza kunitoka, nasema ukweli. Nikamwambia, "Mama, geuka basi."

"Sigeuki, baba. Panda meli kwanza."

Nikabaki pale juu, najifuta kwa mkono wa shati, nikijua haoni.

"Umekonda," akasema.

Hapo ndipo nilipoinua macho. Nyuma ya kaunta ya mapokezi, ukuta mzima ni kioo cha kujitazamia. Mama alikuwa ananitazama tangu nilipotokea kwenye ngazi.

Sheria haikuvunjwa. Akaweka kapu juu ya kaunta, akatoka, mguu wa kulia.

Kwenye kapu kulikuwa na pilau.

Nilipanda. Vyumba ni vyangu, na msaidizi ninaye, kijana Mfilipino ambaye nyani wake ni mzuri kuliko wangu na inaniuma. Naandika huu uzi niko kitandani chini ya usawa wa maji, tumeshaiacha Durban. Mama Aline amenitumia picha: kifungo kimefika ukingoni mwa meza, ameunganisha meza ya jirani na kuomba nimwelekeze Brazil inaanzia wapi. Tembo wa taulo yuko palepale juu ya kochi.

Mama naye jana kaniuliza mkataba ukiisha nitarudi lini. Nikamwambia tarehe sijui. Akasema mlango upo, nikirudi nimerudi. Sikumuuliza hayo maneno kayatoa wapi. Namba ya Mama Aline nilimpa mwenyewe, na naona hao wawili wanaongea kuliko wanavyoongea na mimi.

Somo langu ni dogo. Nilidhani kukwama ni kukosa meli. Kumbe mtu anakwama pale anapokosa mlango wa kurudia, na mimi nilikuwa na miwili, mmoja ukifunguliwa kwa chapati na mwingine kwa kioo. Na wenye safari za kuunganisha ndege: ukiambiwa stand by, begi unaweza kuliacha chumbani wakati wa umuganda. Hakuna aliyewahi kuitwa kutoka mtaroni.

Sasa nataka kusikia ya kwenu. Kwenu mtu akiagwa kisha akarudi kabla ya kufika, anapokelewaje? Na kama yupo humu wa Kimisagara, apite kwa Mama Aline amwambie Kapiteni anasalimia.

Leteni maoni, hata ya chai. Mimi niko stand by.